Ada ya Taka: Ni Bei, ni Kodi, au ni Faini?

Mtu akienda leo Isongole, katika wilaya ya Ileje mkoani Songwe, mahali ambapo barabara ya lami itokayo Mpemba inafika kwenye mpaka wetu na Malawi, ataona kitu ambacho wazee wa Bundali hawakukijua utotoni mwao, yaani taka zisizooza. Zamani uchafu wa nyumba ulikuwa majivu, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi, na vigae vya chungu kilichovunjika. Hayo yote shamba liliyapokea bila kudai hata senti. Siku hizi, pamoja na lami na biashara, zimekuja chupa za plastiki, makopo, nepi za kutupa, na karatasi za nailoni za kila namna, wala shamba halizitaki. Hapana budi mtu azichukue na kuzipeleka mahali, na mtu huyo naye anakula ugali kama sisi. Ndipo linapozaliwa neno ada.

Twajua ya kuwa ada ya taka haipendwi, wala Isongole, wala Tunduma, wala Dar es Salaam. Mmoja husema, “Nimekwisha kulipa kodi, ya nini tena hii?” Mwingine husema, “Nilipie kitu ninachokitupa? Kama kingekuwa na thamani ningekitupa?” Maneno hayo yanachekesha, lakini si ya kipumbavu. Yanatulazimisha kuuliza swali ambalo kwa kawaida hurukwa, nalo ni hili: fedha hiyo ni kitu gani hasa?

Maana fedha hutoka mfukoni mwa raia kwa njia tatu. Ya kwanza ni bei: nimepokea kitu, nimelipa thamani yake, tumekuwa sawasawa. Ya pili ni kodi: natoa kwa ajili ya mji wote, nami hutoa kadiri ya uwezo wangu, hata kama leo sipokei chochote. Ya tatu ni faini: nimekosa, naadhibiwa nisirudie. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alitenganisha haki ya watu wawili wanaobadilishana, ambayo yataka kitu kilingane na kitu, na ile haki ya kugawa iliyo ya jumuiya nzima, ambayo humtazama kila mtu katika hali yake. Mtu akichanganya haki hizo mbili hatapata hata moja.

Sasa tutazame. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa kazi ya taka, na katika kanuni zake imo hii, kwamba mchafuzi ndiye alipe. Ni sentensi fupi, nayo yapendeza masikioni. Lakini mchafuzi ni nani? Tuchukulie nyumba mbili zinazotazamana. Katika moja anakaa bibi mjane. Maganda yake huliwa na mbuzi, majivu huyapeleka kwenye migomba, na taka zake zisizooza hazijazi ndoo moja kwa mwezi. Katika ya pili kuna duka la jumla, na kila lori linaposhusha mzigo hubaki rundo la maboksi, kamba, na nailoni. Mtoza ada akipita na kitabu chake na kudai kila mlango kiasi kilekile, je, ametoza nini? Si bei, kwa sababu mjane hakupokea kazi sawa na ile aliyopokea mwenye duka. Si kodi ya haki, kwa sababu hakuutazama uwezo wa mtu. Wala si faini, maana mjane hakukosa neno. Ametoza mlango tu, na taka hakuzitazama kabisa.

Tutajibiwa kwamba kiasi kimoja kwa wote ni rahisi, kwamba mtoza ada hana mizani, na kwamba kupima ndoo ya kila nyumba kutagharimu zaidi ya ada yenyewe. Jibu hilo lina ukweli, hatulikatai. Tena kuna jambo zito kuliko mizani: ukimtoza mtu kwa kila anachotupa, umemfundisha kutupa usiku. Huko Isongole usiku una mahali pake, nao ni mto Songwe. (Si ile Songwe nyingine iendayo ziwa Rukwa, bali hii ya mpakani, imwagayo maji yake katika ziwa Nyasa.) Chupa itupwayo mtoni haina uraia. Yaweza kufika kwa Wamalawi wa Karonga au kwa ndugu zetu wa Kyela, na huko hakuna atakayejua ni ya nani, wala nani alikwepa kuilipia. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliamriwa wawe na kijiti cha kuchimbia, ili kila mtu afukie uchafu wake nje ya kambi. Hawakuruhusiwa kuusukumia upande wa kambi ya jirani.

Korea Kusini walijaribu njia ya kupima tangu mwaka 1995. Huko kila nyumba hulazimika kununua mifuko maalum ya taka. Atupaye nyingi hununua mingi, atupaye chache hununua michache, na vitu vinavyoweza kutumika tena hupokelewa bila malipo. Taka zilipungua sana. Lakini huko nako walitokea wa kutupa kwa siri, ikabidi zitungwe faini. Walakini Mkorea ana jambo moja ambalo raia wengi wa kwetu hawana: akiuweka mfuko wake nje, gari linakuja.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Mwaka 1994, baada ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kushindwa kuzoa isipokuwa sehemu ndogo sana ya taka za jiji, kampuni binafsi ilikabidhiwa kata za katikati, nayo ikapewa ruhusa ya kutoza ada. Miaka michache baadaye kampuni nyingine na vikundi vya wananchi vilipewa kata zilizobaki. Ukazuka ubishi ambao hata leo haujaisha. Mwenye nyumba asema, “Silipi, kwa kuwa gari halikuja.” Mwenye gari asema, “Halikuja, kwa kuwa hukulipa.” Katika ubishi wa namna hiyo nani aanze? Sisi twaona ni wajibu wa mwenye mamlaka kuanza. Mwenye nyumba hana gari jingine la kuchagua, wala hawezi kukataa kuwa na taka. Anayemwuzia mtu kitu asichoweza kukikataa hana budi kukileta kwanza. Lakini gari likiisha kuja, mwenye nyumba asiyelipa anakula jasho la mzoa taka, na hilo ni kosa ambalo Maandiko huliita kwa jina lake.

Liko na kosa lingine, la siri zaidi. Mwenye kulipa huweza kudhani kwamba ameinunua ruhusa: “Nimetoa fedha yangu, yaliyobaki si shauri langu.” Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka likafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Twaamini wengi waliozitupa taka zile walikuwa wamelipa ili zichukuliwe mbele ya milango yao. Waliokufa ni wale waliokaa chini ya lundo. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, aliiunganisha tabia hii ya kutupa vitu na tabia ya kuwatupa watu, na Kiteezi mambo hayo mawili yalilala katika udongo mmoja. Kwa hiyo ada isiyofikiri habari za jalala la mwisho ni ada ya kuhamisha aibu tu.

Basi kwa mji mdogo kama Isongole, uliopo bado katika ujana wake, sisi tungependa ada iwe bei kwa mwenye biashara, naye atozwe kwa ukubwa wa biashara yake na mzigo anaoushusha; iwe ndogo sana, au isiwepo, kwa kaya yenye shimo la mboji na inayotenga taka zake; na mwezi ambao gari au mkokoteni haukupita, stakabadhi isiandikwe. Faini ibaki kwa yule atupaye mtoni, akiwa maskini au tajiri.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia jawabu. Chupa hizi hazikutengenezwa Isongole. Zilitoka viwandani mbali, faida ikarudi huko, na tupu yake ikabaki mpakani. Mwenye duka atasema, na si bila haki, kwamba yeye naye ni mjane mbele ya kiwanda. Swali hilo lingefaa kupelekwa katika mikutano ya vijiji na vitongoji vya Ileje, mbele ya wale wale watakaolipa, kabla vitabu vya stakabadhi havijachapishwa.