Leseni Haimwondolei Mtu Dhima

Suala hili huulizwa mara kwa mara katika darasa zetu: Mwenye kiwanda au mfanya biashara aliyekata leseni, akalipa ada zote za Serikali, wala mkaguzi asimwambie neno, je, amekwisha kuondokewa na dhima mbele ya Mwenyezi Mungu kwa madhara yatokayo katika kazi yake? Sisi twajibu: La, hakuondokewa.

Watu wa Mombasa hawana haja ya ushahidi wa mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu na kutoa madini ya risasi kilifanya kazi tangu 2007 hata 2014, na sumu yake ikaingia katika damu ya watoto na wazee wao. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwahukumia wenyeji fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu ile ilitenguliwa katika rufani 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wala waliotiwa hatiani si wenye kiwanda peke yao, bali na vyombo vya Serikali vilivyopewa amana ya kulinda watu. Basi kibali kilikuwako, na sumu ikapita.

Lakini yako madhara ambayo sisi wenyewe twashiriki bila ya kuyaona. Huko Migori, mkanda wa miamba yenye dhahabu hutoka upande wa Trans Mara, jirani na Ogwedhi, ukaenda mpaka Macalder karibu na Ziwa Viktoria. Wachimbaji wadogo husaga mawe, kisha unga wake hukorogwa kwa maji na zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu ya wanawake. Zebaki hushikamana na dhahabu. Donge lile likachomwa, zebaki hupaa mvuke na dhahabu ikabaki. Mvuke huo huvutwa na mama na mtoto wake. Inayobaki huteremka mitoni hata ziwani, ikageuka sumu kali zaidi na kukusanyika katika samaki. Na anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni. Ugonjwa wa namna hii ulitambuliwa Minamata, Japani, mwaka 1956, na mkataba wa 2013 wa kuzuia zebaki ukapewa jina la mji ule. Kenya iliuridhia 2023.

Pengine mtu atasema: Maskini yule akiacha zebaki atakula nini? Neno hili lina haki yake, wala haifai sheria kumwangukia mnyonge peke yake, hali yule amwuziaye zebaki na kumnunulia dhahabu kwa bei ya chini amekaa salama. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na wanavyuoni wamebainisha ya kuwa dharura ya mtu haibatilishi haki ya mwenziwe. Tena ziko njia: kifuniko cha kuunasa mvuke, na namna za kuisafisha dhahabu pasipo zebaki. Zinahitaji fedha na mafunzo, na hayo yawapasa kwanza wale wanaopata faida kubwa.

Na sisi je? Twauliza nyama imechinjwa na nani, na twafanya vyema. Lakini bangili za bibi arusi hatuziulizi zimetoka wapi, wala ni mikono ya nani iliyokoroga sumu ili zipatikane. Sonara ana leseni, nasi tuna risiti, twadhani yametosha.

Dola za Kiislamu za kale zilimweka muhtasib azunguke sokoni, aangalie mizani, maji na moshi wa matanuri. Leo Kenya ina Sheria ya Mazingira ya 1999 na mamlaka ya kuisimamia. Hayo ni mema, na kuyatii ni wajibu. Lakini muhtasib akiisha kazi yake hurudi nyumbani akalala, naye Mola halali. Sheria ni mpaka wa chini kabisa wa uadilifu; atakayesimama hapo akadhani amefika, amejidanganya.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu: mwenye kiwanda apime maji na moshi wake kabla ya kupimiwa, sonara amwulize amwuziaye, na mnunuzi amwulize sonara. Swali moja halitaisafisha Migori, lakini muuzaji anayeulizwa kila siku hana budi kutafuta jawabu.

Wabillahi tawfiq.