Mgonjwa wa siku zote tumwombee nini?

Huku kwetu Kivu, mtu akishikwa na ugonjwa, jamaa wanatafuta mara moja njia mbili: ya hopitali na ya maombi. Hakuna anayeshangaa. Hata wazee wetu wa zamani hawakutenganisha mambo hayo: aliyechuma majani ya mubirizi kwa ajili ya mgonjwa alikuwa pia na neno la kuwaambia mababu. Kwa hiyo hatuulizi kama maombi ni mazuri ao mabaya. Ulizo letu ni hili: mgonjwa wa sukari, wa tansio, wa anemia SS ao wa ukimwi, ambaye dawa zake hazina mwisho, tumwombee nini?

Tuanze na maneno. Katika maneno yetu ya kila siku, mtu ni mgonjwa ao amepona. Maleria inaingia, inatoka. Lakini sukari haitoki. Mwenye sukari analima, anafundisha, anazaa watoto, na bado ana sukari. Hatuna neno rahisi la mtu kama huyo, basi tunamsukuma aingie katika moja ya yale mawili. Hapo ndipo taabu inaanza.

Juu katika makanisa mengi kuna desturi ya ushuhuda. Mama anaombewa siku ya tano, anasikia mwili mwepesi, na siku ya yenga anasimama mbele ya wote kusema amepona. Makofi, vigelegele. Kisha wiki mbili zinapita, kiu inarudi, kukojoa usiku kunarudi, macho yanaanza kuona ukungu. Aende wapi? Akirudi kununua dawa, watasema amepoteza imani. Akinyamaza, sukari inapanda. Wengi wananyamaza. Na wahenga walishasema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Je, mama huyo alisema uongo? Wamoja wanasema ndiyo. Sisi hatukubali. Alieleza alichosikia mwilini mwake siku ile. Tatizo liko kwa wasikilizaji: wanachukua furaha ya siku moja, wanaigeuza kuwa deni, na deni hilo analilipa yeye peke yake.

Wengine watatujibu: "Mnapunguza nguvu ya Mungu. Kama aliponya zamani, leo anashindwa nini?" Neno hilo lina uzito, hatulicheki. Lakini tusome vizuri. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20, mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na hata vile nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme. Hakuna aliyesema kwamba tini zile zilionyesha imani ndogo. Naye Paulo aliomba mara 3 aondolewe mwiba mwilini. Haukuondolewa, alipewa nguvu ya kuishi nao. Nani atasubutu kusema Paulo alikosa imani?

Tutazame pia insulini. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, na mwaka wa 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa sindano yake. Mbele ya hapo, mtoto mwenye ile sukari inayotaka sindano kila siku hakuishi muda mrefu. Leo, akipata dawa yake, anasoma, anaoa, anazeeka. Lakini hakupona: akiiacha, siku chache zinatosha kumwua. Anachopewa ni siku, moja nyuma ya ingine. Kwa nini tuone haya kumshukuru Mungu kwa zawadi ya namna hiyo?

Basi, mgonjwa wa siku zote aombewe apate feza ya dawa, asichoke kuzitumia, na watu wa nyumba wampikie chakula kinachomfaa pasipo kunung'unika. Maombi kama hayo yanampa kazi hata anayeomba, maana aliyeomba feza ya dawa kwa sauti kubwa ataona haya kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Na mgonjwa akitaka kufunga, aulize munganga kwanza: anayepigwa insulini akikaa na njaa, sukari inaweza kushuka mpaka azimie.

Ushuhuda nao upanuke. Mtu asimame aseme: "Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja na sukari. Ningali ninatumia dawa, na ningali ninaimba." Siku tutakayompigia huyo makofi sawa na yule anayesema amepona, mama zetu hawataficha tena vidonge ndani ya fundo la kikwembe.