Maji ya Chini ni ya Nani?

Mtu akichimba kisima katika shamba lake mwenyewe, je, maji yatokayo humo ni yake? Ewe msomaji, usijibu upesi.

Tutazame Cheptais, huko Bungoma, katika miteremko ya Mlima Elgon, ambao zamani ulikuwa volkano. Mvua inyeshayo juu msituni hunywewa na udongo, maji yakapenya katika nyufa za mawe na kuteremka polepole chini ya ardhi. Mahali pengine hububujika yakawa chemchemi. Pengine hungoja ndoo ya mchimbaji. Leo watu wamezidi, mashamba yamegawanywa baina ya ndugu, na kila mwenye boma atamani kisima chake.

Tuseme wewe umechimba kwa sululu, ukapata maji. Baadaye jirani tajiri aleta mtambo, atoboa kisima kirefu katika tabaka lile lile la maji, atia pampu. Maji huvutwa kutoka pande zote kuelekea kwake, na ndoo yako yarudi na tope. Hakukanyaga shamba lako. Je, amekudhulumu?

Majaji wa Uingereza walipoulizwa swali kama hilo mwaka 1843, katika kesi ya Acton na Blundell, walisema hapana. Mwenye machimbo ya makaa alikikausha kisima cha mwenye kiwanda cha pamba, wala hakulipa kitu. Sababu yao moja ni kwamba njia za maji ya chini zilikuwa fumbo. Lakini sasa twazijua zaidi, na ajuaye halaumiwi sawa na asiyejua. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 yasema kwamba maji yote ni amana iliyo mikononi mwa serikali kwa ajili ya wananchi, na mwenye kutoboa kisima sharti apate kibali.

Basi mchimbaji hana haki? Anayo, nami siidharau. Aliyeteremka shimoni kwa kamba, huku kuta zaweza kumwangukia na hewa mbaya kumwua, ana haki ya kulipwa jasho lake. Ila jasho lilifanya shimo; halikufanya maji.

Tena, mtazame huyo huyo asemaye "maji ni yangu" siku jirani achimbapo choo karibu na kisima chake. Mbio kwa chifu, akilalamika kwamba maji ya chini hayajui mpaka!