Kiti cha Saa Ishirini

Michezo ya Olimpiki ya Sydney ilipomalizika mwaka 2000, wageni walianza kurudi makwao. Wakenya waliondoka na dhahabu ya Noah Ngeny katika mita 1,500 na ya Reuben Kosgei katika kuruka viunzi na maji. Miongoni mwa waliokwenda kutazama alikuwapo mwanamke wa Wales mwenye umri wa miaka 28, mzima, asiye na ugonjwa unaojulikana. Oktoba akapanda ndege kurudi Uingereza, safari ya saa zipatazo ishirini. Ndege ikatua Heathrow salama salimini. Akashuka, na kabla hajatoka uwanjani akaanguka. Muda mfupi baadaye alikuwa amefariki dunia.

Kilichomuua ni bonge la damu. Liliganda ndani ya mshipa wa mguu, likasafiri, likaziba mapafu. Magazeti ya wakati ule yalilaumu ufinyu wa viti vya daraja la kawaida, na kweli viti vile ni vifinyu. Lakini abiria wa daraja la juu anayelala fofofo kwenye kiti kipana bila kujigeuza naye yumo katika hatari hiyo hiyo. Kosa si la kiti peke yake. Mwili wa binadamu haukuumbwa kuketi mkao mmoja tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na zaidi ya hapo.

Damu kushuka miguuni si kazi, kupanda ndiko kugumu. Moyo huisukuma kwenda chini, ila nguvu ya msukumo ule ikifika vidoleni imekwisha kupungua sana. Kinachoirudisha juu ni msuli wa shavu la mguu. Kila ukipiga hatua, au ukiinua kisigino tu, msuli huo hujikaza na kuubana mshipa uliopita ndani yake, mfano wa mkono unaokamua chuchu ya ng'ombe, na damu hupanda. Ndani ya mshipa mna vijilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, ili kilichokwisha kupanda kisirudi. Sasa mtu aketi saa kumi, magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti umembana nyuma ya paja: msuli umelala, na damu imetuama. Damu iliyotuama huelekea kuganda. Pengine bonge hubaki pale pale mguu ukavimba, na pengine humeguka, likapanda hadi moyoni na kutoka hapo likasukumwa mapafuni.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1940 London ilipopigwa mabomu usiku baada ya usiku, watu walikesha katika mahandaki wakiwa wameketi kwenye viti vya turubai vya kukunja. Daktari Keith Simpson, aliyekuwa akichunguza maiti, aliona vifo vya mabonge ya mapafu vimepanda ghafla karibu mara sita kuliko mwaka uliotangulia, na wengi wa waliokufa walikuwa wametoka mahandakini. Ushauri wake ulikuwa watu wawekewe vitanda walale wamejinyoosha, wasisinzie juu ya viti. Mwaka 1954 mpasuaji wa Marekani John Homans akaandika juu ya wagonjwa walioganda damu miguuni baada ya kuketi muda mrefu ndani ya ndege, ndani ya gari, na hata ndani ya ukumbi wa maonyesho. Maarifa yalikuwapo tayari, ila hayakumfikia abiria.

Ndiyo maana nayasema haya kwa lugha yetu, kwa sababu Sydney sasa ina watu wetu wengi: Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, Waganda. Na anayeishi Sydney huwa na mama au bibi nyumbani ambaye siku moja atamleta kumwona mjukuu. Safari hiyo ni ndefu kweli. Kutoka Sydney hadi Dubai au Doha ni takriban saa 14 bila kutua, kisha kuna kungoja uwanjani, kisha saa tano au sita nyingine hadi Nairobi au Dar es Salaam. Mama zetu ni watu wa adabu. Anawekwa kiti cha dirishani kama heshima, anajifunika kanga, na anaona haya kuwainua wageni wawili ili apite. Hanywi maji asije akahitaji choo. "Mwanangu, niwasumbue watu kwa nini?" Anafika miguu imemjaa, viatu haviingii, na watu wa nyumbani wanamsifu kwa uvumilivu. Uvumilivu wa namna hii naogopa kuusifu.

Tusitishane kupita kiasi pia. Utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, uligundua kwamba safari ya saa nne au zaidi huongeza hatari ya damu kuganda karibu maradufu, lakini kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe ni ya takriban msafiri 1 katika kila 6,000. Kinachobadilisha hesabu ni hali ya msafiri: mjamzito au aliyejifungua karibuni, aliyetoka kupasuliwa, mwenye saratani, mnene sana, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, au aliyewahi kuganda damu zamani. Hawa wazungumze na daktari kabla ya kukata tiketi. Tena hatari hii haikai angani tu. Basi na treni zimo, kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa basi anahusika sawasawa na anayetoka Sydney.

Sydney hiyo hiyo ina funzo la pili, la kunyoosha misuli, nalo limewashangaza wengi. Mwaka huo huo wa 2000 Rodney Pope, Robert Herbert wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzao walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa makuruta 1,538 wa jeshi la Australia. Wote walipasha mwili moto kabla ya mazoezi, ila karibu nusu yao waliongeza kunyoosha misuli ya miguu, sekunde 20 kwa kila kundi la misuli. Baada ya majuma 12 walionyoosha walipata majeraha ya miguu 158, wasionyoosha 175. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kusemwa kuwa ni kazi ya kunyoosha. Kilichotofautisha aliyeumia na asiyeumia hasa kilikuwa ukakamavu wake tangu mwanzo, yaani pumzi aliyokuja nayo.

Nikiyaweka mambo haya mawili pamoja naona tumekosea mlengwa. Tumezoea kudhani kujinyoosha ni kwa wakimbiaji na wacheza mpira, kumbe mwenye haja nako zaidi ni aketiye: dereva wa teksi, mwanafunzi, karani, fundi cherehani, abiria. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walichapa matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 222,000 wa jimbo la New South Wales. Waliokuwa wakiketi saa 11 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya miaka mitatu uliozidi kwa asilimia 40 ule wa walioketi chini ya saa nne, hata baada ya kuhesabu mazoezi yao. Mbio za asubuhi hazikuwafutia yote ya kuketi mchana.

Kujinyoosha kunakohitajika hapa hakutaki ukumbi wala mavazi maalumu. Ukiwa kitini, nyayo zikiwa sakafuni, inua visigino hadi shavu la mguu likaze, vishushe, kisha inua vidole kuelekea goti hadi misuli ya nyuma ivutike. Rudia mara nyingi, usihesabu kwa ubahili. Nyoosha goti chini ya kiti cha mbele, mzigo usiweke hapo. Kila saa moja au mbili inuka utembee hadi nyuma ya ndege, shika ukuta, rudisha mguu mmoja nyuma kisigino kikiwa chini, uegemee mbele taratibu. Kunywa maji, na ukiinuka kwenda choo ujue hiyo nayo ni dawa. Vidonge vya usingizi ni vya kuepuka, maana humfanya mtu asijigeuze kabisa. Soksi za kubana hadi gotini zimethibitika kusaidia. Mama akatiwe kiti cha kandoni mwa njia, na aambiwe na mwanawe mwenyewe, si na mhudumu wa ndege, kwamba kuinuka si kukosa adabu.

Akishafika, macho yasiondoke miguuni mwake haraka. Hatari huendelea kwa majuma kadhaa baada ya safari. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kupungua baada ya siku moja au mbili, hilo ni la kawaida. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma shavuni, ukawa wa moto kuliko mwenzake, au pumzi ikambana na kifua kumchoma, hilo ni jambo jingine. Desturi yetu hapo ni kuleta mafuta na kumkanda bibi, kila mjukuu kwa zamu yake. Mguu wa namna hiyo usikandwe, maana bonge linaweza kumeguka. Apelekwe hospitali siku ile ile, na jambo la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba bibi ametoka safarini, na ameketi kwa muda wa saa ngapi.