Mkabras Halisi Ni Nani?

Kwenye matanga huko Malava, senje mmoja alimwambia binamu yangu ati yeye si Mkabras kamili, maana salamu yake ilikuwa na lafudhi ya Nairobi. Watu wakacheka. Binamu naye akacheka, halafu akaenda kukaa kwa gari hadi jioni.

Kuna kichaka cha mwituni kinachoota sehemu nyingi za nyanda za juu za Kenya, Pentas lanceolata, chenye vishada vya maua madogo ya petali tano. Chuma ua moja: kijiti cha kike kimechomoza nje, vifuko vya chavua vimejificha ndani. Chuma la kichaka jirani: mambo yamepinduka. Kwa mimea ya namna hii hata chembe za chavua hutofautiana. Kwa kawaida zile za ua lenye kijiti kifupi huwa kubwa zaidi. Darwin aliandika kitabu kizima kuhusu maua kama haya, mwaka 1877.

Sasa, ipi ndiyo Pentas halisi? Jina lake la kisayansi lilianzia kwa mmea wa Yemen, alikofia mkusanyaji wake, Peter Forsskål, mwaka 1763. Lakini mmea uliokaushwa hushika jina tu. Hauamrishi mingine iweje. Ama upime chembe zote utafute wastani? Utapata saizi isiyo ya huyu wala ya yule. Sisi Waluhya tunaijua hiyo. Miaka ya 1940 kulikuwa na kamati iliyojaribu kutuundia maandishi ya pamoja, na wengi, hasa Wabukusu na Wamaragoli, wakaona hiyo ni lugha ya wengine.

Halafu kuna hili: ua la kijiti kirefu likipata chavua ya mwenzake wa kijiti kirefu, mbegu huwa chache au hakuna kabisa. Yanahitajiana.

Nilitaka kumtumia binamu hiyo habari kwa simu, nikasita. Nikimtetea kwa kusema tofauti yake ina faida, si nimemrudisha kwa mizani ileile? Je, asingekuwa na faida yoyote, angefukuzwa? Ua halijawahi kuombwa lijieleze matangani.

Na senje si mtu mbaya. Anaona wajukuu wakimjibu kwa Kiswahili na Kiingereza, na anajiuliza siku yake ikifika ni nani atamlilia kwa Kikabras. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Ila siku hiyo, kati ya vijana wote waliotoka Nairobi, binamu peke yake ndiye aliyejaribu kusalimia kwa Kikabras.