Mwenye Baraza na Ulimi wa Mgeni

Televisheni ya rangi ilipoanza Unguja mwaka 1973, mtangazaji alitakiwa aulize, kisha anyamaze. Leo, katika mazungumzo ya usiku ya Afrika Mashariki, yeye mwenyewe ndiye tamasha: hutania, huchokoza, hucheka. Hilo si kosa. Barazani kwetu Darajani mzaha ni nusu ya kahawa. Lakini mwenye baraza ana amana: mgeni akimvunjia mwenziwe heshima, humkatiza kauli.

Mwaka 2016, katika kipindi cha Jeff Koinange cha KTN, Nairobi, mwanasiasa mmoja alimtusi mwanamke aliyeshindana naye kuwania ugavana, na kipindi kikasitishwa. Ulimi ulikuwa wa mgeni. Aibu ni ya nani? Ni ya mwenye nyumba, na yetu sisi tunaokesha kutazama.