Kufuma na Kufumua



Leo twapenda kuwauliza swali lililotoka katika kikapu cha nyuzi. Ndugu yako akileta kazi yenye kasoro, nawe waweza kuisahihisha kimya kimya bila yeye kujua, je, ni vema kufanya hivyo? Wengi watajibu upesi: "Kwa nini isiwe vema? Kazi itapendeza, naye hataumia." Hata sisi tulijibu hivyo, tena kwa vitendo. Baadaye tulijuta, na majuto yenyewe yametufundisha jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yote tuliyosimama mbele ya ubao.

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu huufunika mlima wetu, na hata hapa Soweto, chini mjini, watu hutoka asubuhi wamevaa sweta. Huko juu migombani, Kibosho, Old Moshi na Marangu, baridi ni kali zaidi, na mtoto mdogo hana namna ya kujitetea nayo. Basi mwaka mmoja sisi akina mama wa parishi tuliazimia kufuma mablanketi ya viraka kwa ajili ya watoto wa huko. Nyuzi nyingine tulinunua dukani. Nyingine tulizipata kwa kufumua sweta za mitumba za soko la Memorial, tukaziosha na kuzizungusha upya kuwa mabonge.

Wazo hili halikuanza kwetu. Huko Afrika Kusini, baada ya Mzee Nelson Mandela kufariki Desemba 2013, watu walianza kufuma mablanketi 67 kwa ajili ya Siku ya Mandela, wakiikumbuka miaka 67 aliyowatumikia watu. Hayakuishia 67, yalikuwa maelfu, na hata wafungwa magerezani walishika sindano. Blanketi la viraka lina uzuri huo, kwamba halihitaji fundi. Anayeweza kutengeneza kipande kimoja cha sentimita 20 kwa 20 amekwisha kuwa na sehemu. Kwetu sisi vipande 20, vinne kwa vitano, vilitosha kupata blanketi la sentimita 80 kwa 100.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuma, yafaa tueleze kidogo, maana hoja yetu imo humo. Mwanafunzi huanzisha vitanzi kama 40 juu ya sindano, kutegemea unene wa uzi na mkono wake, kisha hufuma mstari baada ya mstari kwa mshono ule ule mmoja, kwenda na kurudi. Kila mistari miwili hufanya tuta moja. Matuta yakilingana kwa idadi na vitanzi vya mwanzo, kipande kiko karibu kuwa mraba. Akikunja pembe kwa pembe ataona mwenyewe kama kimekaa sawa. Hakuna hesabu nyingine ya kumtisha.

Lakini mwanzo ni mgumu. Anayejifunza hukaza uzi kwa hofu, na baadaye hofu ikipungua mkono nao hulegea. Kwa hiyo kipande huanza chembamba na kuishia kipana. Tena, pembeni mwa mstari, uzi ukipita juu ya sindano vibaya, kitanzi kimoja huonekana kuwa viwili, na bila kujua aliyeanza na 40 hujikuta ana 47. Kosa la tatu ndilo baya: kitanzi kinapochomoka kwenye sindano bila kuonekana. Hicho hakitulii. Huteremka mstari kwa mstari na kuacha tundu, na ni kweli walivyosema wazee kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika kikundi chetu alikuwamo mama mmoja mjane, umri wake ukizidi wetu, ambaye hakuwahi kushika sindano za kufumia. Alikwenda na kipande chake nyumbani majuma matatu. Alipokileta kilikuwa kimefungwa ndani ya khanga safi. Upande mmoja kilikuwa na sentimita 17, upande wa pili 23, na katikati palikuwa na tundu la kuingia kidole. Tukamshukuru. Alipoondoka tulitazamana. Ibada ya kutoa mablanketi ilikuwa Jumapili iliyofuata, nasi tulitaka yapendeze machoni pa watu, kwa kuwa sisi Waanglikana ni wachache hapa Moshi, nao jirani zetu Walutheri na Wakatoliki walikuwa wamealikwa. Basi sisi watatu tuliketi taa ikiwaka, tukakifumua kipande kile chote, tukakifuma upya kwa uzi ule ule. Kazi ya majuma matatu ilitutoka mikononi kwa saa mbili hivi.

Jumapili mablanketi yalitandazwa mbele ya madhabahu. Mama yule alimshika mjukuu wake mkono, akamwongoza hadi kwenye blanketi moja, akatafuta rangi yake, akasema, "Hiki ndicho cha bibi." Kisha akakitazama tena, akainama, akakipapasa. Hakusema neno. Nasi tuliosimama hatua mbili kutoka kwake hatukusema neno.

Sasa tupime jambo hili kwa haki, bila kujionea huruma wala kujilaani kupita kiasi.

Upande wetu ilikuwapo hoja. Nabii Malaki aliwakemea vikali waliomletea Mungu wanyama vilema. Je, maskini wa Mungu tuwape kilicho pungufu? Tena mtoto atakayefunikwa hawezi kusema. Tundu lile lingeweza kunasa kidole chake, na blanketi lenyewe lingezidi kufumuka kila lifuliwapo. Mtu asiseme kwamba nia njema yatosha. Nia ya bibi haimtii mtoto joto. Ni sufu inayomtia joto.

Lakini Injili yatuambia pia habari za mjane na senti zake mbili, ambaye Bwana alimsifu kuliko matajiri. Je, Malaki na Injili vinapingana? Tumelitafakari sana jambo hili, na twaona havipingani. Wale wa Malaki walikuwa na mnyama mzima zizini, wakamzuia, wakaleta kilema. Mjane hakubakiza kitu. Kilichokemewa ni kuzuia kilicho bora tulicho nacho, na mama yule hakuzuia kitu. Kipande kile kilichopinda kilikuwa ndicho bora alichoweza majuma yale.

Basi yatupasa kutenganisha makosa ya aina mbili. Lipo kosa linalomwumiza atakayepokea, kama tundu lile. Hilo halina budi kurekebishwa, hata mtoaji akisikitika. Na lipo kosa linaloumiza macho yetu tu, kama upana usiolingana. Tukisema kweli, tundu lile lingezibwa kwa uzi na sindano ya mkono kwa dakika chache. Upana nao ulikuwa na dawa. Mshonaji mzuri huongeza mistari ya kroshia upande uliopungua, huukusanya kidogo upande uliozidi, na kipande kilichopinda hukaa katikati ya vilivyonyooka bila shida. Hivyo hatukufumua kwa ajili ya mtoto. Tulifumua kwa ajili ya wageni wetu wa Jumapili, kisha tukamsingizia mtoto.

Hapo ndipo ualimu wetu ulipotuhukumu. Sisi tuliosoma baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tulilelewa tukiambiwa kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya elimu. Na chuoni tulipojifunza ualimu tulionywa kwamba mwalimu husahihisha daftari kwa wino mwekundu, kando ya mwandiko wa mtoto; hafuti mwandiko wake na kuandika jibu mwenyewe. Wino mwekundu unauma, lakini una heshima ndani yake, kwa kuwa wamwambia mtoto kwamba unamtegemea ajaribu tena. Anayemwandikia mtoto jibu ameamua moyoni kwamba mtoto huyo hawezi.

Ndivyo tulivyomfanyia mama yule. Tulimnyang'anya mambo matatu: kazi yake, nafasi ya kujifunza, na ukweli, maana tulimwacha amshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukifanya. Kumbukeni habari za Dorkasi katika Matendo ya Mitume. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro nguo alizozitengeneza. Hatuambiwi kama mishono ilinyooka. Nguo zile zilikuwa ushuhuda kwa sababu kila mmoja aliujua mkono ulioshona. Kipande cha mama yule hakikuwa na mkono wake tena, naye vidole vyake vilimwambia.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwake kuungama. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na uzi wangu mliutupa?" Tukamwambia, la, ni ule ule. Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo uzi ni wangu, mkono ni wenu. Mwalimu, mngeniambia tu." Jumatano mbili zilizofuata hakuja kikundini. Jumatano ya tatu alikuja na sindano zake, akaketi karibu nasi, akataka aonyeshwe namna ya kukamata kitanzi kilichochomoka. Ilituchukua muda mfupi kumwonyesha, muda ambao tungeweza kuutumia tangu mwanzo.

Wapendwa, jambo hili haliishii kwenye sufu. Twalitenda majumbani, mama mkwe anaporudia kimya kimya kuungaunga mboga ya mkwewe. Twalitenda wazazi tunapomfanyia mtoto kazi aliyopewa shuleni. Twalitenda kanisani, mzee wa kanisa anapoandika upya hesabu za kijana aliyechaguliwa juzi kuwa mtunza hazina, bila kumwita. Kila mara twasema ni upendo. Basi tujiulize maswali mawili kabla ya kufumua. Kwanza, kosa hili linamwumiza nani: anayepokea, au fahari yangu? Pili, kama lazima lirekebishwe, kwa nini mwenyewe asiwepo? Ikiwa tunaogopa awepo, huenda ni kwa sababu twajua kwamba hatumtendei haki.

Hatusemi kwamba kila kitu kipokelewe kama kilivyo. Kuacha tundu kwa kuogopa kumwudhi mtu ni woga, na mtoto ndiye atakayeulipia. Kumwambia mtu kosa lake uso kwa uso ni kazi ngumu kuliko kufumua usiku, na pengine ndiyo sababu tulichagua usiku.

Mama yule amekwisha kufuma vipande vingi tangu siku zile. Cha hivi karibuni kilikuwa sentimita 20 kwa 21, nacho kilishonwa kama kilivyo. Ila ameanza desturi moja: katika pembe ya kila kipande chake hupitisha uzi mwekundu na kuufunga fundo, ili akiona blanketi akijue kilicho chake. Hatujamwomba auache. Kila tunapounganisha vipande, fundo lile hupita chini ya vidole vyetu, nasi twaona ni haki tuliguse.

Bwana atupe mikono yenye subira.